Naomba ushauri: mtoto wa Labrador anaishiwa nguvu

Habari zenu wapendwa, wenye uzoefu na mbwa naombeni mnisaidie. Nipo Arusha, nina Labrador dume wa miezi 5, tangu ana miezi 3 akikimbia kidogo tu miguu ya nyuma inaruka pamoja kama ya sungura, kichwa kinashuka mpaka pua inakaribia chini halafu anaanguka, na asubuhi za baridi ndo inazidi. Kula anakula ila mapaja yamekonda mpaka unashika mfupa. Nimempa dawa ya minyoo na kalsiamu, eksirei haikuonyesha kitu. Daktari wa mifugo akamgonga chini ya goti, mguu haukuruka kabisa, anahisi ni ule ugonjwa wa misuli wa kurithi wa Labrador, mpaka baba na mama wote wawe wamebeba jeni yake, tiba hamna. Roho inaniuma jamani, anatikisa mkia hata akiwa ameanguka.

Kuna aliyewahi kutuma sampuli ya DNA ya mbwa kutoka Tanzania, ile ya kufuta ndani ya shavu, alituma wapi? Na dada yake anaonekana mzima, mwenye naye anataka kumpandisha, nimwambie asubiri kipimo kwanza?