Sakafu ya gereji inababuka mara ya pili: safari hii nipake nini?

Spana14

Wakuu, salaam. Wajuzi wa sakafu naomba mnishike mkono kabla sijatupa hela mara ya tatu.

Nina gereji ndogo hapa Mikocheni, ya kupanga. Chumba ni mita 6 kwa 9, magari mawili yanaingia na nafasi ya benchi inabaki. Chini ni jamvi la zege, juu yake niru. Mwenye nyumba alilijenga kama stoo, mambo ya jeki na oili hayakuwa kichwani mwake.

Mwaka wa kwanza nilipaka ile rangi nyekundu ya mafuta, ya sakafu. Ikawaka kama baraza ya bibi siku ya Idi. Haikumaliza miezi mitatu: ukikanyaga inanata, ukivuta tairi la akiba inatoka na ukanda mrefu. Nikaikwangua wiki nzima mimi na dogo wangu.

Mwaka jana nikaambiwa dawa ni epoksi, ile rangi ngumu ya plastiki ya kuchanganya na dawa ya kuigandisha. Nikanunua seti ya lita 20, akaja fundi, akafagia, akasugua kwa sabuni ya unga, kesho yake akapaka. Kijivu, inang'aa, mpaka mama mmoja mwenye Vitz alivua viatu mlangoni (sitanii, nilimwomba avae). Wiki ya tatu ikaingia Noah imetoka Morogoro mchana wa jua kali, ikalala ndani. Asubuhi naitoa, chini ya tairi zote nne pamebaki mabaka, rangi imeondoka na tairi. Kisha masika yakaja, katikati ya chumba yakaota malengelenge. Nimepasua moja kwa bisibisi, limetoa maji yanayoteleza kama mlenda.

Duka linasema kosa la fundi. Fundi anasema duka limeuza mzigo mbovu. Mimi nipo katikati na ufagio.

Kipande kimoja ninacho hapa mezani naandika huku nakitazama. Juu kijivu, kigumu, hakivunjiki hata ukikikunja kidogo. Chini kina utando mweupe kama unga wa sembe.

Naambiwa niweke vigae, mwingine ananitajia poliaspatiki (rangi nyingine ya plastiki ya sakafu, kama epoksi), na jirani anasema mwaga oili chafu yaishe. Kazi zangu ni za kawaida: oili, breki, betri, jeki, na kuchomelea kidogo. Bajeti siyo ya hoteli. Nipake nini kitakachodumu?

---

Dogo_Mjengoni

Mkuu weka vigae vile vigumu vya kuegesha magari, sahau habari za rangi. Mimi kwangu Goba nimeweka, mwaka wa nne huu.

---

Spana14

Kwako unaegesha tu. Hapa jeki la tani 3 linatembea kwa magurudumu ya chuma na gari liko juu yake. Fundi akiacha uwazi wa kidole chini ya kigae kimoja, siku hiyohiyo nitasikia "kah!" Na spana namba 32 ikidondoka je?

---

Msaga_Terazo

Mwanangu Spana, nimesaga sakafu toka nikiwa kijana, nyingi za shule na hospitali, baadaye maghala ya barabara ya Pugu. Swali lako umeliuliza kinyume. Unauliza upake nini, na jibu umelishika mkononi: huo unga mweupe.

Rangi yako haikukosa kushika. Ilishika vizuri sana, ila ilichoshika ni niru, na niru ndiyo iliyoachia zege. Unajua niru inavyopigwa: zege likianza kukauka fundi ananyunyiza saruji tupu, anarushia maji, anasugua kwa mwiko wa chuma mpaka ing'ae. Kwa sebule ni nzuri, inadekika. Lakini ni ngozi tu, milimita moja au mbili, na yale maji ya kurushia yameifanya iwe dhaifu. Epoksi ikikauka inajivuta. Tairi likiingia na moto linailainisha, kisha likipoa linaivuta kwenda juu. Kati ya epoksi na niru, inayoachia kwanza ni niru.

Ile nyekundu nayo usililaumu duka. Rangi ya mafuta ni mafuta, saruji ina magadi makali, na unyevu ukiwakutanisha hao unapata sabuni. Ndiyo, sabuni ileile waliyokuwa wakipika bibi zetu kwa mafuta na majivu. Ndiyo maana ilikunatia miguuni.

Malengelenge ni habari nyingine, na hiyo ndiyo inanitia wasiwasi zaidi. Maji yanayoteleza yametoka chini. Huko kwenu maji ya ardhini yako juu, na aliyejenga stoo nadhani hakutandika nailoni chini ya jamvi. Zege linanyonya maji kama utambi. Ukilifunika kwa kitu kisichopumua, maji yanatafuta pa kutokea.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, fanya haya. Kata nailoni nene vipande vya nusu mita kwa nusu mita, vitatu. Kwangua rangi pale utakapoviweka. Bandika tepu pande zote nne, pasiingie hewa: kimoja karibu na mlango, kimoja katikati, kimoja ukuta wa nyuma. Viache siku nzima na usiku wake. Ukifunua ukaona matone, au zege limekuwa jeusi kuliko lililo kando, umejibiwa. Halafu chukua msumari wa inchi nne, kwaruza kwa nguvu: ukichimba mfereji wa unga, hiyo ngozi lazima iondoke yote. Mwisho dondosha maji pale unapomwagia oili. Yakikaa kama shanga badala ya kunywewa, oili imeingia ndani ya zege na hakuna rangi itakayoshika hapo.

Lete majibu ndipo tuongee makopo.

---

Fundi_Rola

Mzee umenena, ila si ampige tu tindikali ya kusafishia vigae? Ndiyo tunafanya kila siku.

---

Msaga_Terazo

Mnafanya, na mnarudi kupaka tena. Tindikali inakula saruji lakini haigusi oili, kwa hiyo pale penye oili inapita juu na pale pasafi inachimba. Unapata sakafu ya chui. Tena inataka maji mengi ya kusuuza, na mwenzetu tayari ana tatizo la maji. Anayelazimika kuitumia, avae glavu na miwani, atie tindikali kwenye maji na siyo maji kwenye tindikali, na akimaliza amwagie magadi soda kuizima.

Mimi nasema tafuta watu wa terazo. Ile mashine yetu ya mawe ya kusagia inaondoa niru kwa siku moja kwenye chumba kama hicho. Unasaga mpaka uone punje za mchanga, na ukipitisha kiganja usikie msasa. Madoa ya oili yaliyozama unayachimba kwa patasi na kujaza upya. Ni kazi chafu, jirani atakutukana, lakini robo tatu ya uhai wa rangi iko hapo. Rangi yenyewe ni robo.

Na kwa kuwa ulisema lita 20, tupige hesabu, maana wengi wanaibiwa bila kuibiwa. Lita 1 ikitandazwa mita 1 ya mraba inatoa unene wa milimita 1. Wewe una mita 54 za mraba. Lita 20 zinakupa kama milimita 0.37, tena kama hakuna kinachopotea hewani. Ikiwa ni epoksi ya maji, karibu nusu ni maji, yanaondoka. Unabaki na unene wa karatasi mbili za daftari, juu yake unaburuza jeki. Soma kwenye kopo asilimia ya kinachobaki baada ya kukauka. Wengi wanasoma rangi na bei tu.

---

Mwanagereji_Mombasa

Nachangia kutoka Changamwe. Sisi tulipaka epoksi nzuri, sakafu ikasagwa sawasawa, na ndani bado iko imara. Lakini pale mlangoni, hatua kama mbili ambapo jua la asubuhi linaingia, imegeuka rangi ya chai ya maziwa na ukipangusa inaacha chaki kidoleni. Epoksi na jua hawapatani. Tuliambiwa baadaye kwamba ilifaa juu yake tupitishe poliyurethani, rangi ya plastiki inayovumilia jua.

Lingine: mafuta ya breki. Oili inakaa wiki nzima hakuna neno, lakini mafuta ya breki yakilala usiku kucha, asubuhi rangi imelegea. Weka sinia chini kila unapotoa hewa kwenye breki. Na kwa kuchomelea tuna kipande cha chuma tunakitandika, cheche zikianguka kwenye epoksi zinaacha madoa ya kuungua hayatoki.

---

Spana14

Wakuu, nimerudi na majibu. Nailoni nimeziacha toka juzi jioni.

Mlangoni: kavu kabisa. Katikati: jasho, matone madogo kama kwenye chupa ya soda ya baridi. Ukuta wa nyuma: nimeinua nailoni maji yakatiririka mpaka kwenye kandambili zangu. Nyuma ya ukuta huo kuna karo la jirani, sitasema zaidi.

Msumari umechimba kila mahali. Maji yamekaa kama shanga sehemu moja tu, chini ya benchi, ninapowekaga ndoo ya oili.

Dogo ananiambia tupake epoksi mlangoni na katikati, nyuma tuache. Mzee unasemaje? Na ile poliaspatiki?

---

Msaga_Terazo

Poliaspatiki ni kitu kizuri, haigeuki rangi kwa jua na inakauka upesi. Huo upesi ndio mtihani. Hewa yetu ya pwani yenye unyevu inaiharakisha zaidi, na fundi asiyeizoea anaacha alama za rola zilizokauka kabla hajarudi kuzilainisha. Bei yake nayo, unaijua ukiiuliza. Na kwenye zege linalotoka jasho itabanduka kama wenzake.

Hata epoksi ina haraka yake kwa joto letu. Zamani kwenye ghala moja tulichanganya ndoo nzima na hadina, ile dawa ya kuigandisha, tukasema tunywe chai kwanza. Tuliporudi ndoo inatoa moshi, plastiki imelegea imekaa upande, ndani jiwe. Ikiwa kwenye ndoo inajipasha moto yenyewe, ikimwagwa sakafuni inapoa. Toka siku hiyo, kwangu chai ni baada ya kumwaga.

Sasa la kwako. Kupaka nusu usithubutu. Maji hayajui mpaka uliochora. Ukifunika katikati, yatahamia mlangoni. Wenye viwanda vya nyama na bia wanaweka sakafu ya saruji iliyochanganywa na poliyurethani, nene, inavumilia unyevu, ila hiyo si ya chumba cha kupanga. Kubomoa jamvi, kutandika nailoni na kumwaga upya ndiyo tiba kamili, lakini nyumba si yako.

Ningekuwa wewe ningesaga niru yote, kisha ningemwagia silikati ya sodiamu. Ni maji tu kuyaona. Yanaingia ndani ya zege, yanakutana na chokaa iliyobaki kwenye saruji, yanageuka kuwa kitu kigumu ndani ya vitundu. Juu hakibaki kitu cha kubanduka, na mvuke unaendelea kutoka. Unalowesha, unasukuma kwa brashi kama nusu saa, kilichobaki juu unakisuuza usikiache kikauke, kitaacha weupe. Baada ya hapo vumbi linakwisha na sakafu unafagia kama mtu.

Ila amua moja. Ukishaweka silikati, epoksi haitaingia tena mpaka usage upya.

---

Mwanagereji_Mombasa

Jirani yangu anayo hiyo silikati, na nitasema ukweli wake. Haitang'aa, mama wa Vitz hatavua viatu tena. Oili ukiifuta papo hapo inatoka, ukiiacha ilale inaacha kivuli. Na maji ya betri yanalichemsha zege lake kama kawaida, ana kishimo cha ukubwa wa sahani pale alipokuwa akichajia. Weka betri kwenye beseni la plastiki.

---

Spana14

Kung'aa nimeshakukinai. Nimeongea na mwenye nyumba, amekubali nisage ila amesema gharama ni yangu na vumbi lisiingie kwake juu. Mzee, kama kuna vijana wako wako Dar naomba wanitafute kwa ujumbe wa ndani. Benchi na kompresa nitavitoa Ijumaa jioni.

---

Msaga_Terazo

Nitakuja mwenyewe Jumamosi, wao watabeba mashine. Tunasaga na maji, kwa hiyo vumbi halitapanda, ila utapata tope la kijivu ndoo nyingi. Usilimwage kwenye mtaro, litaganda humo. Acha likae lijitenge, tope lenyewe utalifukia. Baada ya kusaga unaiacha sakafu wazi ikauke angalau wiki ndipo silikati, kwa hiyo magari ya watu uyapangie pengine. Pale chini ya benchi tutachimba.

Kitu kimoja hujasema: umeme wa hapo ni fezi moja au tatu?

---

Spana14

Moja. Na luku ni ya kushirikiana na wapangaji wengine wawili.

---

Msaga_Terazo

Basi haitoshi mashine yetu, nakuja na jenereta. Wewe andaa dizeli.