Naandika riwaya ya Uingereza ya 1813, nimekwama mezani. Naombeni ushauri

KalamuYaTanga: Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo. Naandika riwaya ya mapenzi, mwaka 1813, wakati mfalme George III ni mgonjwa na mwanawe anatawala kwa niaba yake. Sura ya nne, mjane wa kijijini na binti zake wanamkaribisha kijana tajiri wa London chai ya saa kumi alasiri, na keki mezani. Rafiki aliyeipitia kasema chai hiyo haikuwepo. Siku ya tatu leo sijaandika kitu. Walikuwa wanakula saa ngapi?

Mzee wa Maktaba: Marahaba binti yangu. Rafiki yako yuko sahihi. Kualikana chai ya alasiri kulishika miaka ya 1840. Wakati wako chai ilifuata baada ya mlo mkuu, na saa ya mlo huo ndiyo iliyomtambulisha mtu. Desemba 1798 Jane Austen, mwandishi wa riwaya wa Uingereza wa enzi hizo, alimwandikia dada yake kwamba kwao wanakula saa tisa na nusu alasiri, chai saa kumi na mbili na nusu. Dada huyo alikuwa Kent kwa kaka yao tajiri, na Jane akakisia kwamba wao wakimaliza, kule hawajaanza hata. London wenye nafasi walikula saa kumi na mbili na nusu, hata saa moja usiku. Kula gizani kulitaka mishumaa mingi, na mishumaa ilikuwa ghali. Kwa hiyo mgeni wako atakuta meza imeandaliwa saa ambayo kwake bado ni mchana. Mjane ataona haya. Andika hapo.

Bi Mapishi: Mwanangu, usilete sahani moja baada ya nyingine kama hotelini. Supu, samaki, nyama ya kuoka, pai na mboga vilitandazwa mezani kwa pamoja. Vikiondolewa, inakuja awamu ya pili, vitamu na vya chumvi vimechanganyika. Mwisho kitambaa cha meza kinatolewa, yanaletwa matunda na lozi. Mtu alikula kilicho karibu naye, na mwanamume alimpakulia mwanamke aliyeketi pembeni yake. Kwa riwaya ya mapenzi hiyo ni neema: kijana anachagua kipande gani? Baadaye wanawake wanatangulia sebuleni, wanaume wanabaki na mvinyo mzito wa Ureno. Wakiwafuata, binti wa nyumba ndiye anayemimina chai.

KalamuYaTanga: Nashukuru mno. Mlo huo niuite cha mchana au cha jioni?

Mzee wa Maktaba: Andika "chakula" basi. Saa utakayoitaja itamtosha msomaji.

Mwanahistoria_Pwani: Dada, naomba usiisahau sukari. Ilitoka visiwa vya Karibi, imelimwa na watumwa. Uingereza ilipiga marufuku biashara ya watumwa 1807, lakini sheria ya kuwaachia huru waliokuwa mashambani ilipita 1833. Kuanzia 1791 familia nyingi zilisusia sukari hiyo. Sisi wa pwani tunayajua mashamba ya namna hiyo, ya karafuu Unguja na Pemba. Utajiri wa huyo kijana umetoka wapi?

KalamuYaTanga: Nilikuwa nimeandika tu kwamba amerithi. Sasa nimejua. Binti wa pili anamimina chai, anamfikishia kikombe, na bakuli la sukari analiacha kabatini.