Meno ya Baba Mkubwa (kikundi cha ukoo, Ujiji)

Mama Mkubwa: Asalaam aleikum wanangu. Baba yenu jana katokwa na jino jingine tena. Naomba tuchange ya meno ya bandia.

Kaka Gungu: Waaleikum salaam, shikamoo Mama. Mzee wa watu atakulaje migebuka sasa 😂

Baba Mkubwa: Nimo humu, nasoma.

Kaka Gungu: Shikamoo Baba 🙏🏾

Baba Mkubwa: Marahaba. Uzee huo, msihangaike.

Dada Nesi: Shikamooni. Baba, hayo meno yalitoboka?

Baba Mkubwa: Wala. Mazima kabisa. Yanaanza kucheza, nikipiga mswaki damu, mwisho nalitoa kwa kidole.

Dada Nesi: Huo si uzee. Dawa za sukari unameza?

Baba Mkubwa: Nikijisikia vibaya.

Mama Mkubwa: Heee! Kila siku ananiambia kameza!

Dada Nesi: Ndiyo hapo sasa. Sukari ikikaa juu, mwili unashindwa kupambana na vijidudu vya kwenye fizi, mdomo unakauka mate, vidonda haviponi upesi. Mfupa unaoshika jino unaliwa chini kwa chini, jino lenyewe zima ila halina pa kushika. Na fizi zikiumwa hivyo, nazo zinafanya sukari isishuke.

Shangazi Kasulu: Mimi sina sukari, nina presha tu. Mbona fizi zimeota nyama zinafunika meno?

Dada Nesi: Shangazi, unatumia ile dawa ya presha, amlodipini?

Shangazi Kasulu: Hiyo hiyo.

Dada Nesi: Kuna watu inawakuza fizi. Muone daktari, anaweza kukubadilishia. Usiiache mwenyewe!

Shangazi Kasulu: Nimeshaiacha tangu juzi 🙈

Dada Nesi: Shangaziii. Kanywe leo, kesho kliniki.

Kaka Gungu: Kwa hiyo mchango tusitishe?

Dada Nesi: Changeni, ila meno ya bandia baadaye. Yaliyobaki yakiendelea kudondoka mtatengeneza mengine. Kwanza apime sukari asubuhi kabla hajala. Akishapima ale, ameze dawa, ndipo aende kwa daktari wa meno pale hospitali ya Maweni asafishwe ukoga hadi chini ya fizi. Na aseme mapema kwamba ana kisukari.

Baba Mkubwa: Na sigara?

Mama Mkubwa: Sigara gani tena???

Dada Nesi: Nayo inamaliza fizi, Baba. Acha.

Kaka Gungu: Jumatatu saa moja asubuhi nakufuata na pikipiki.

Baba Mkubwa: Bajaji. Na nauli unalipa wewe.