Nyumba ni yetu, kiwanja si chetu: tufanyeje?

Mjukuu wa Majengo
Asalaam aleikum wenzangu. Nyumba ya bibi iko Majengo, Mombasa, upande wa Sidiria. Ni zile za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba 3 huku, 3 kule, kisima na choo uani, kuta za boriti na udongo zilizopigwa lipu. Nyumba ni yetu, kiwanja hakijawahi kuwa chetu. Nikiwa mdogo nilikuwa nikitumwa kwa ajenti wa mwenye kiwanja kupeleka kodi ya ardhi, narudi na risiti, bibi anaitia kwenye kopo la biskuti.

Sasa mwenye kiwanja kafariki na wanawe wameuza. Mnunuzi ataka kuinua ghorofa 8. Mwezi jana alikuja kijana wake, akakaa barazani, akanywa kahawa yetu, akatwambia tutapewa shilingi 250,000 za kifuta jasho, tuhame kabla ya mwezi kwisha. Yote kwa mdomo, karatasi hakuna.

Sie twalala vyumba 2, vyumba 4 tumekodisha kwa 4,000 kila kimoja. Hizo 16,000 kwa mwezi ndizo dawa za presha za mama na maji ya mkokoteni mfereji ukikauka. Pesa wanazotupa hazifiki hata kodi ya miezi 16! Mwakilishi wa wadi tulimwita, akala mahamri na mbaazi, akasema atalifuatilia. Mbaazi alizisifu sana.

Je, tuna haki yoyote hapa au tufunge virago?

Baharia wa Likoni
Mmekaa zaidi ya miaka 12? Basi ardhi ni yenu, ndugu. Nendeni kortini mkadai hati.

Karani Mstaafu
Baharia, usimpoteze kijana wa watu. Hiyo miaka 12 ni ya mtu aliyekaa bila ruhusa ya mwenyewe. Bibi yake alikuwa akilipa kodi ya kiwanja, kwa hivyo alikaa kwa ruhusa, na zile risiti ndizo zitakazoivunja kesi. Lakini risiti hizo hizo zaonyesha kwamba nyinyi si wavamizi, na kwamba nyumba iliyosimama pale ilijulikana kuwa yenu. Msizitupe.

Mambo haya yana mizizi. Sheria ya hati ya 1908 iliwataka watu wa ukanda wa maili kumi wa pwani wajitokeze kudai ardhi zao. Aliyedai na kukubaliwa akapata hati, ambayo haikudaiwa ikawa ya serikali. Wengine wakabaki kujenga juu ya ardhi ya mtu na kumlipa kodi, na nyumba ikauzwa na kurithiwa peke yake, mbali na ardhi. Nimeandika mikataba kama hiyo mpaka vidole vikauma. Benki haikukopeshi kwa nyumba kama hiyo, ndiyo maana hadi leo kuta ni za udongo.

La haraka: Sheria ya Ardhi ya Kenya, ilivyorekebishwa 2016, yataka notisi ya maandishi isiyopungua miezi 3 kabla ya kumwondoa mtu kwenye ardhi ya mtu binafsi. Ukiipata waweza kwenda Korti ya Mazingira na Ardhi kuipinga. Maneno ya kijana wa barazani si notisi. Na msitie sahihi chochote.

Bint Kisauni
Kwetu tulikataa pesa, tukaomba fleti moja ndani ya jengo lao, tukaandikiana kwa wakili. Fleti tulipata. Lakini tuliambiwa miaka 2, ikawa 4, na kodi ya kule tulikohamia tukailipa wenyewe muda wote. Mkikubaliana, andikeni ni nani atakayewalipia kodi mkingoja. Na wale wapangaji wa vyumba 4 msiwasahau, wao hakuna aliyekuja kunywa kahawa yao.

Fundi Boriti
Mwiteni mthamini wenu aikadirie nyumba bei, msingoje wa kwao. Mie hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara kila mwezi kwa ajili ya nyumba za bei nafuu za serikali na funguo sijaziona, kwa hivyo hata kile chumba cha 4,000 msikidharau.

Mjukuu wa Majengo
Shukrani nyote, Karani hasa. Jana usiku tulilimwaga kopo kitandani na mama, tukazipanga kwa miaka. Kongwe kabisa ni ya 1971, shilingi 10. Za 1996 hadi 1999 hazipo. Mama asema ni panya, ami asema bibi alikuwa amegombana na ajenti akakataa kulipa. Karani, hiyo miaka 3 na kitu yaweza kutuharibia? Kijana kapiga simu asubuhi, kasema sasa ni 300,000. Nimemwambia alete kwa maandishi. Akakata.