Tupeane uzoefu: kompyuta imegoma kuwaka, hali salama ilikusaidiaje?

Wadau wa Kusini habari zenu. Naomba tupeane uzoefu wa ile hali salama ya Windows, mafundi wanaiita sefu modi, maana mashine ikigoma kidogo tu watu wanakimbilia kupiga windows upya na mafaili yanaondoka hivi hivi, inaniuma sana.

Naanza mimi. Nina steshenari Tandahimba, msimu wa korosho nimekesha nachapa orodha ya wakulima wa chama cha msingi, majina, kilo, akaunti za benki, umeme ukakatika ukarudi ukakatika tena, asubuhi naiwasha inaishia kwenye logo, vidoti vinazungukaaa halafu inajizima inajiwasha. Fundi akasema umeme umeua windows, lete 20,000 tupige upya. Na orodha yote iko desktopu! Mdogo wangu akanambia kwa simu dada subiri kwanza, iwashe, vidoti vikitokea shikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime, rudia mara 3. Kweli, iliyofuata ikaja skrini ya bluu, nikaingia Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, halafu namba 4. Ikawaka! Kioo cheusi, maandishi makubwa, kila kona Safe Mode. Nililia jamani. Cha kwanza nikahamishia orodha kwenye flashi. Kule Windows inawasha vitu vya lazima tu, ndo maana ikikubali kule ujue mara nyingi mashine ni nzima ila kuna programu au draiva (kiprogramu kinachoendesha kifaa kama printa au sauti) inaikaba. Kwangu ilikuwa antivairasi ya pili niliyoiweka siku moja kabla, ikawa inagombana na ya kwanza, nikaitoa na mpaka leo inapiga kazi. Umeme tuliusingizia.

Mdau wa Lindi mjini: Mimi niliingia kwa msconfig, lile dirisha la mipangilio ya kuwaka kwa Windows, nikaweka tiki kwenye Safe boot, tatizo likaisha ila kila nikiwasha inarudi kule kule, sauti hamna, intaneti hamna, wiki nzima nasahihisha mitihani hivyo. Kumbe ile tiki lazima ukaitoe mwenyewe. Na ukitaka intaneti ukiwa kule chagua namba 5.

Mdau wa Nachingwea: Ya kwangu Windows 7, ile unagonga gonga F8 kabla logo haijatokea. Hata sefu modi ikagoma, na ukitega sikio unasikia kr kr kr ndani. Kumbe hard disk, ile inayotunza mafaili, ndo ilikuwa inakufa. Nilivyoona hivyo sikuiwasha tena, nikampa fundi aichomoe aiunge kwenye mashine nyingine, picha za marehemu mama zikapatikana karibu zote. Ningeendelea kulazimisha ningezikosa.

Mdau wa Kilwa: Hata simu za Android inayo. Yangu matangazo yalikuwa yanajirukia yenyewe, nikabonyeza kuzima, lile neno la kuzima nikalishikilia kwa kidole, ikaniuliza hali salama nikakubali. Programu nilizopakua zikalala zote, matangazo kimya, nikafuta ile ya tochi.

Mdau wa Masasi: Dada wa Tandahimba, laptopu ya mwanangu nikitaka kuingia sefu modi inadai namba ndefu ya BitLocker, ile kufuli ya Windows inayofunga diski, nafanyaje?

Mwenye mada: Ni tarakimu 48 kaka. Kwa simu ingia kwenye akaunti ya Microsoft aliyowekea hiyo laptopu, mara nyingi zinakuwa zimehifadhiwa humo. Usikubali mtu aifute kabla hujaangalia hapo, halafu uje utuambie.