Rangi ya fedha imekufa baada ya vanishi ya mati

Brashi_Tudor
Assalaam aleikum mafundi. Nina kikosi cha visanamu vya milimita 28. Deraya zote ni fedha ya akriliki, na kwenye mifereji nimepitisha rangi nyeusi iliyozimuliwa. Baada ya kupuliza vanishi ya mati (isiyong'aa) ya kopo, fedha imekuwa kijivu kama saruji, na viwili kati yake vina ukungu mweupe mabegani. Kosa ni la vanishi au la unyevu? Vinaokoleka bila kukwanguliwa?

FundiMakupa
Waaleikum salaam. Hayo ni mambo mawili, usiyachanganye.

Ukijivu ni kazi ya vanishi yenyewe. Rangi ya metali hung'aa kwa sababu ndani yake mna chembe bapa, za alumini au za ulanga, zilizolala na kuurudisha mwanga kwa pamoja. Vanishi ya mati imetiwa unga laini, aghalabu silika, na kazi ya unga huo ni kuutawanya mwanga. Kwa hiyo hata ununue kopo la bei kali, matokeo ni yale yale.

Ukungu ndio unyevu. Kiyeyusho cha spreyi kikiruka huupoza uso wa kisanamu, na kwa hewa yetu hii ya pwani, maji hugandia pale na kunaswa ndani ya vanishi kabla haijakauka. Alfajiri usipulize, na masika ndiyo kabisa. Ngoja siku kavu, kati ya saa saba na saa kumi mchana, kivulini. Tikisa kopo dakika mbili nzima, kwani unga usiochanganyika nao huacha weupe unaodanganya macho. Umbali sentimita 20 hadi 30, mapito mepesi.

Kuokoa: chukua vanishi ya maji inayong'aa, matone manne kwa tone moja la maji, upake kwa brashi laini kwenye chuma na kwenye ukungu. Hujaza vikwaruzo vidogo vinavyotawanya mwanga, na mara nyingi weupe huondoka. Ikikauka kabisa, rudia mara ya pili, kisha gusa kingo za deraya kwa fedha mpya. Mabegani kama ni nguo, malizia na mati ya brashi.

Mwanajahazi
Sawa, ila mimi siafiki kung'arisha kila chuma. Deraya ikimeta kote inafanana na plastiki. Kwa chuma cha vitani satini, yaani vanishi ya mng'ao wa wastani, inatosha. Kung'aa kamili waachie dhahabu na makali ya panga.

Kikosi kijacho: paka rangi zote, piga vanishi inayong'aa kote, acha saa 24, ndipo uingize nyeusi kwenye mifereji. Ikikauka, mati kote, halafu rudi na satini kwa brashi kwenye chuma tu. Kufunika kila ngao kwa tepu ni kujitesa.

Na makopo ya hadiwea, tahadhari. Klia ya magari, ile vanishi angavu, ina thina kali. Ikipigwa nzito juu ya akriliki, rangi hujikunja. Vanishi ya mafuta ya mbao ina umanjano: dhahabu itaistahimili, fedha haitaki. Rangi ya dhahabu ya unga wa shaba halisi, ile ya mafundi wa fanicha, usiiache wazi, kwani hewa ya chumvi huigeuza kahawia, baadaye kijani.

Brashi_Tudor
Shukran sana. Na krome, zile za kung'aa mithili ya kioo? Kuna chapeo moja.

FundiMakupa
Hiyo usiipake kitu. Chembe zake hupanda juu kabisa ya rangi. Vanishi ikizilowesha huvurugika, na unabaki na alumini ya kawaida. Piga mati kwanza kisanamu kizima, chapeo uing'arishe tena kwa vanishi inayong'aa, ikauke, kisha krome iwe ya mwisho. Baada ya hapo shika kitako tu, kwa kuwa hata kidole huitoa.




Mwanajahazi
Na lolote utakalotumia, jaribu kwanza kwenye kijiko cha plastiki chenye rangi zile zile.