Naomba ushauri: tununue waranti ya pampu za sola iwapo makadirio yetu yanatofautiana?

Katibu_Umwagiliaji: Ndugu wanajukwaa, salaam. Chama chetu kinanunua pampu za sola, na muuzaji anatutaka tulipie waranti ya mwaka mmoja, shilingi 60,000 kwa kila pampu. Bila waranti, kubadilisha pampu iliyoharibika ni shilingi 400,000. Kati ya pampu 20 za aina hiyo walizofunga majirani zetu mwaka jana, 2 ziliharibika. Kabla hatujaletewa takwimu hizo, mimi niliandika kwa kumbukumbu zangu kwamba huharibika 2 katika 10, na mweka hazina, kwa zake, akaandika 4 katika 10. Je, ni halali kuingiza maoni ya mtu katika hesabu, na tumfuate nani?

Mtakwimu: Ni halali, mradi yaandikwe kabla ya data, kama mlivyofanya. Bruno de Finetti, mwanatakwimu Mtaliano, alishikilia kwamba uwezekano haukai ndani ya kitu, bali ni kiwango cha imani ya anayeamua. Zihesabuni pampu 10 za kumbukumbu zenu kana kwamba nazo zilijaribiwa, kisha mjumlishe. Wewe unapata 4 katika 30, takriban asilimia 13, yaani hasara tarajiwa ya shilingi 53,333 kwa pampu. Mweka hazina anapata 6 katika 30, yaani shilingi 80,000. Mpaka wa uamuzi ni asilimia 15 (60,000 kugawa kwa 400,000: juu yake waranti inalipa, chini yake hailipi), na ninyi mmesimama pande zake mbili.

Bi_Hesabu: Asilimia 13 hiyo isitamkwe kana kwamba imepimwa kwa rula, kwa kuwa hesabu hiyohiyo inaruhusu chochote kati ya asilimia 4 na 27.

Mtakwimu: Kweli, dada, ingawa kwa gharama ya wastani kinachoamua ni wastani wenyewe, upana huo unaonyesha kama inafaa kutafuta data zaidi kabla ya kulipa. Katibu, muulize mweka hazina kumbukumbu zake zinafanana na pampu hizi kwa kiasi gani. Uzito utokane na mfanano huo, si na jibu analolitamani.

Katibu_Umwagiliaji: Nimemuuliza. Anasema alizozikumbuka zilifungwa kwenye visima vya mchanga, tofauti na vyetu, hivyo anazipa uzito wa pampu 5 tu, uwiano ukiwa uleule. Sasa anapata 4 katika 25, yaani shilingi 64,000. Bado yeye anaitaka waranti na mimi siitaki, lakini kwa shilingi 50,000 sote tungeinunua, na hiyo ndiyo bei tutakayompelekea muuzaji.